Habari za Kware Katika Turbo: Kupanda na Kushuka kwa Biashara ya Mayai Yake

Katika taarifa za miaka iliyopita kurasa hizi za nyuma zilitolewa kwa habari za reli, za msitu na za mahindi. Mwaka huu Halmashauri imetutaka tuandike habari za ndege mdogo aliyeingia nyumbani mwetu mwaka 2013 na kutoka mwaka uliofuata, akaacha nyuma yake vizimba vitupu na deni katika kitabu cha hazina. Wako waliosema kwamba jambo hili ni la aibu na lingefaa kusahauliwa. Sisi hatuoni hivyo. Mikopo ya kware ingali imeandikwa katika kitabu chetu, na katika mkutano mkuu wanachama wataombwa kuitolea uamuzi. Si haki kumtaka mtu aamue jambo ambalo hakuelezwa mwanzo wake.

Kware si mgeni katika nchi hii. Wajaluo humwita aluru, na Waluhya humwita isindu. Kila mmoja wetu aliye na wajomba upande wa Busia au Siaya amepata kuona milingoti mirefu iliyosimamishwa mashambani, imetundikwa vikapu vidogo, na ndani ya kila kikapu ndege mmoja anaita. Kware wa mwituni, ambao huja pamoja na mvua, huisikia sauti hiyo, hushuka, na kunaswa katika vitanzi vilivyotegwa chini. Wasomaji wa Biblia nao wanamjua kwa jina hilohilo la kware, maana ndiye aliyeifunika kambi ya Waisraeli jangwani. Basi nyama yake ilijulikana tangu zamani. Lakini hatujasikia mzee hata mmoja akisema kwamba mayai yake yalipata kuuzwa sokoni kama dawa.

Kware aliyefugwa katika vizimba vyetu hakuwa huyo wa mwituni. Alikuwa wa aina ya Kijapani. Wajapani walimfuga tangu kale kwa ajili ya sauti yake, na baadaye, tangu mwaka 1910 hivi, kwa ajili ya mayai na nyama. Kazi hiyo ilistawi hasa katika sehemu za Toyohashi, ikakaribia kufa kabisa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha ikaanzishwa upya. Twayataja haya kwa sababu wako wanachama wanaosema leo kwamba kware hakuwa biashara bali mazingaombwe tu. Hilo si kweli. Kware ni biashara ya halali na ya kudumu mahali penye walaji waliomzoea.

Tabia zake ndizo zilizotuvutia. Huanza kutaga akiwa na umri wa wiki sita au saba, na kuku wa rika lake angali kifaranga. Mayai yake huanguliwa kwa siku 17 au 18, hali ya kuku hungoja siku 21. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 250 kwa mwaka. Hahitaji nafasi, sanduku la mbao na wavu latosha. Walakini kware wa kufugwa amepoteza tabia ya kuatamia, kwa hiyo mayai yake hayaanguliwi bila mashine, au bila kuazima kuku wa kumlalia. Na yai lenyewe ni dogo: lina uzito wa gramu 10 hivi, na la kuku ni gramu 50 au zaidi. Tunamwomba msomaji aikumbuke tofauti hii ya uzito.

Kwa nini mambo haya yalitokea mwaka 2013, wala si kabla yake? Tukiwauliza waliohusika, wengi hutaja redio na magazeti, ambayo kwa kweli yalisimulia kila juma habari za fulani aliyenunua gari kwa mayai. Lakini masikio ya Turbo yalikuwa yamekwisha andaliwa. Ugonjwa mpya wa mahindi ulikuwa umeonekana Bomet mwaka 2011, na mwaka 2012 ukaenea sehemu nyingi, na mkulima akauona ukikausha mimea ikiwa bado haijakomaa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974 na ambacho kwa ajili yake misitu yetu ilipandwa, kilifungwa mwaka 2009, na kila familia iliyopata riziki kwa kukata na kubeba magogo ikabaki ikitazama barabara. Mashamba nayo yamegawanywa kwa wana hata kijana wa leo hupewa robo eka, tena yenye mawe. Ndege asiyehitaji shamba alikuja kwa watu ambao shamba lilikuwa limewapungukia.

Ndipo zikaja habari za dawa. Ilisemwa kwamba mayai ya kware yanaponya kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani, hata UKIMWI. Na wanaume waliambiwa mambo mengine ambayo wazee hawahitaji tuyachapishe. Yai la kware ni chakula chema kama lilivyo la kuku, lakini hakuna utafiti wa kitabibu uliothibitisha kwamba laponya maradhi hayo.

Liko jambo jingine, ambalo twalikiri kwa sababu tulishiriki. Sheria ya wanyamapori ilimhesabu kware kuwa ndege wa porini, na mfugaji alitakiwa kupata leseni ya Shirika la Huduma za Wanyamapori, yaani KWS. Wakati ule tulikuwa tungali vijana katika kazi ya ukarani, na tuliandika barua nyingi za maombi kwa ajili ya wanachama. Leseni ilikuwa imekusudiwa kumlinda ndege. Machoni pa watu ikawa ushahidi wa thamani yake. Kuku hana leseni, mbuzi hana leseni. Basi huyu anayetakiwa kibali cha Serikali, walisema, si ndege wa bure. Na sisi tuliziandika barua hizo kwa mwandiko mzuri.

Bei ilipofika kileleni katika mwaka 2013, yai moja liliuzwa hata kwa shilingi 100. Yai la kuku wakati huo lilikuwa shilingi 10 hivi. Trei ya mayai 30 ya kware ikafika shilingi 3,000, yaani karibu sawa na gunia la mahindi la kilo 90. Msomaji wa Turbo anajua gunia ni kazi gani: kulima, kupanda, kutia mbolea, kupalilia, kuvuna, kupukuchua, kuanika huku ukitazama mawingu, kisha kungoja mnunuzi. Na hapa palikuwa na majike kumi na matano ndani ya sanduku nyuma ya jiko, wakitaga mayai kumi na mawili kwa siku, thamani ya gunia zima kwa siku mbili na nusu. Twawaomba wanaotucheka leo wajiulize kama wao wangalikaa kimya.

Lakini yafaa kuifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, kama ambavyo hatukufanya wakati ule. Majike kumi na matano wakitaga mayai kumi na mawili kwa siku hufanya mayai 360 kwa mwezi. Tuseme nusu tu ndiyo yaangulike na vifaranga wake wakue: hao ni 180, na majike kati yao ni 90. Kutoka kutagwa kwa yai mpaka jike wa yai hilo kuanza kutaga ni kama siku 63. Hao 90, kwa kiasi kilekile, watatoa majike 540. Na hao 540 watatoa majike zaidi ya 3,000. Yote haya hayamalizi miezi kumi, na yametoka katika sanduku moja. Tena masanduku hayakuwa moja. Yalikuwako Turbo, Eldoret, Kitale, Kakamega, Kisumu, Nakuru, Nairobi. Na Uganda na Tanzania nako watu walikuwa wakiyagonga misumari.

Ni nani basi aliyeyanunua mayai? Aliyekuja na kikapu hakuwa akienda kupika. Alikuwa akienda kuangulisha, ili naye auze. Ndiyo maana yaliitwa mayai ya mbegu, na mbegu ilikuwa ghali kuliko chakula. Mfugaji wa Januari alimwuzia wa Aprili, wa Aprili akamwuzia wa Julai, na wenye mashine za kuangulia wakapata ushuru wao kwa wote. Maadamu kila mwezi walitokea wanafunzi wapya kuliko mwezi uliopita, bei ilisimama. Wanafunzi walipokwisha, hapakuwa na mtu aliyebaki ila walaji, na walaji walikuwa wachache.

Wengine wameifananisha habari hii na upatu ulioteketeza akiba za Wakenya katika miaka ya 2006 na 2007. Mfano huo haufai sana. Katika upatu yuko mwenye kukimbia na fedha, hata akiwa hajakamatwa. Katika kware hatuwezi kumtaja mkimbizi. Aliyeuza alitoa ndege wa kweli, na ndege alitaga kweli. Wala si kama manyoya ya mbuni huko Afrika Kusini, ambayo mwaka 1913 yalikuwa ya nne kwa thamani katika bidhaa zilizopelekwa ng'ambo, baada ya dhahabu, almasi na sufu, kisha yakaanguka mwaka 1914. Mbuni walikuwa na wavaaji wao Ulaya, na mitindo ya mavazi ilipobadilika wakawakosa. Kware wetu hakuwapoteza walaji. Hakuwahi kuwa nao.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 bei ikaanza kuteremka, na ilipoteremka haikupumzika njiani. Kutoka shilingi 100 ikaja 50, kisha 20, kisha 10, hata mayai yakauzwa kwa shilingi tano na chini yake. Hapa ndipo uzito tuliouomba ukumbukwe unapoingia. Mayai matano ya kware ni sawa na moja la kuku. Ikiwa la kuku ni shilingi 10, haki ya la kware kwa kipimo cha tumbo ni shilingi mbili. Soko lilikuwa likirudi palepale, na chakula cha ndege hakikushuka bei pamoja nalo.

Katika chama chetu mambo yalikwenda hivi. Mwishoni mwa mwaka 2013 Halmashauri ilikubali kutoa mikopo saba kwa wanachama waliotaka kufuga. Katika mkutano huo mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, aliuliza, "Haya mayai, ni nani anayeyala?" Kumbukumbu za mkutano tunazo, kwa mwandiko wetu. Swali limeandikwa. Jibu halikuandikwa, kwa sababu halikutolewa. Mwenyekiti aliomba tuendelee na shauri lililofuata, nalo lilikuwa la viti vya ukumbi.

Mama mmoja, mjane, aliongeza juu ya mkopo wake fedha za ndama aliyemwuza. Ndege wake walianza kutaga mwezi wa Machi mwaka 2014. Alichukua trei mbili mpaka Eldoret, akazunguka kutwa nzima, akarudi nazo. Watoto wake wakala mayai mpaka wakayakataa, kisha wakaliwa ndege wenyewe, wawili wawili, na kila mmoja, asema, alikuwa kama kipande cha mchuzi tu. Wengine walifungua milango ya vizimba jioni wakaenda zao. Kwa muda wa mwezi mzima paka wa Turbo walinenepa.

Mikopo minne kati ya saba imelipwa, miwili kwa kuuza mahindi. Mitatu haijalipwa, na mmojawapo ni wa mama huyo, ambaye tangu hapo hajahudhuria mkutano ingawa ada yake huileta kila mwaka kwa mkono wa mwanawe. Mwanachama mmoja angali na kware hata leo. Alianza upya mwaka 2016 na ndege wachache, baada ya kwenda kwanza kwa mpishi wa hoteli moja mjini Eldoret na kumwuliza angehitaji mayai mangapi kwa juma. Humpelekea kiasi hichohicho, wala hazidishi.

Halmashauri italeta mbele ya mkutano mkuu hoja ya kuifuta mikopo hiyo mitatu. Wako wajumbe wanaoipinga, wakisema kwamba waliolipa kwa mahindi yao watadhulumiwa, na neno lao lina uzito. Kitabu cha hazina pamoja na kumbukumbu za mkutano wa mwaka 2013 vitawekwa mezani, vifunguliwe na kila atakaye kuvisoma.