Kumbukumbu za mtandaoni: Kupanga kwa miezi hakutoshi, Kiswahili kina mahitaji yake

Mwanafunzi anayetafuta makala ya zamani kuhusu ngeli katika blogu ya Kiswahili aghalabu hukutana na orodha pembeni mwa ukurasa: Januari 2009, Februari 2009, Machi 2009, na kadhalika. Abofye mwezi upi? Ikiwa hajui makala ilichapishwa lini, orodha hiyo haimfai kitu. Ni sawa na kuingia katika maktaba ambamo vitabu vimepangwa kwa kufuata siku vilipoletwa mlangoni.

Mpangilio huu una historia yake. Tukiijua, tutaona kwamba hatulazimiki kuufuata.

Tim Berners-Lee alizindua tovuti ya kwanza mnamo 1991 katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Miaka miwili baadaye, waliounda kivinjari cha Mosaic katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walianza kuchapisha ukurasa wa kutangaza tovuti mpya. Kipya kilikaa juu, cha jana kikasukumwa chini. Ukurasa uliporefuka, matangazo ya zamani yalihamishiwa katika kurasa za miezi.

Mnamo Desemba 1997, Mmarekani Jorn Barger alianza kutumia neno ‘weblog’ kwa shajara ya aina hiyo. Neno hilo lilifupishwa likawa ‘blog’, nasi tukalitohoa: blogu. Programu ya Blogger ilipozinduliwa 1999, hata mtu asiyejua lugha za kompyuta aliweza kuchapisha. Kazi ya kupanga kumbukumbu iliachiwa mashine, nayo ikapanga kwa tarehe. Sababu ni nyepesi: kompyuta huijua tarehe bila kumuuliza mwandishi. Mada sharti mtu aifikirie.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Mwaka 2001, Ben na Mena Trott walitoa programu ya Movable Type, iliyowezesha kumbukumbu kupangwa kwa kategoria pia. WordPress, ya Matt Mullenweg na Mike Little, ikafuata 2003. Mwaka 2007 ikaongezewa lebo, yaani maneno mafupi ya kuonyesha mada. Kisha 2010 mwenye tovuti akawezeshwa kubuni aina zake za maandishi, mathalani mashairi, hadithi au mahakiki. Mwaka uliofuata, kila aina ikaweza kuwa na ukurasa wake wa kumbukumbu.

Basi zana tunazo. Hata hivyo, kuna tatizo ambalo waliozibuni hawakulikabili katika lugha yao. Kiingereza hutia wingi mwishoni mwa neno, hivyo umoja na wingi hukaa jirani katika orodha ya alfabeti. Kiswahili hubadilisha mwanzo. ‘Kitendawili’ kitakuwa kwenye K, ‘vitendawili’ kwenye V. ‘Mwandishi’ yuko M, ‘waandishi’ wako W. Mwandishi akitumia lebo ya ‘shairi’ leo na ‘mashairi’ kesho, programu itafungua kurasa mbili zisizojuana. Anayesoma moja hatajua kwamba nyingine ipo.

Watunzi wa kamusi waligongana na mwamba huu zamani. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka 1939, iliweka nomino nyingi chini ya vitenzi zilikotoka: ukitaka ‘mpishi’, unaanzia ‘pika’. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ya 1981, ikaorodhesha nomino kwa herufi ya kwanza ya umoja. Kila njia ina ubora na udhaifu wake, lakini zote mbili zilifuata kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo ndilo blogu nyingi hazina.

Je, haya ni mambo madogo? La. Mnamo 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, na kurasa nyingi za watu wa kawaida zikatoweka kwenye anwani zake. Shirika la Internet Archive, lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, huokoa nakala za tovuti, na tangu 2001 umma unaweza kuzitazama. Lakini nakala hizo hupangwa kwa anwani ya tovuti na siku iliponakiliwa. Usipoijua anwani, utafika wapi? Makala iliyookolewa lakini isiyopatikana haina tofauti kubwa na iliyopotea. Mtafiti ataikosa, kisha ataandika kwamba hakuna aliyewahi kulizungumzia suala hilo kwa Kiswahili. Na sisi tutalalamika.

Kwa hiyo, wewe mwenye blogu au tovuti ya Kiswahili, fanya mambo matatu. Mosi, chagua umoja au wingi kwa lebo zako na usiyumbe. Pili, tenga ukurasa wa kumbukumbu kwa kila utanzu, na mwingine wa majina ya waandishi. Tatu, andika juu ya kila ukurasa sentensi mbili tatu za kumweleza mgeni atakachokuta humo. Tarehe ibaki, maana mwanahistoria anaihitaji, ila isiwe mlango wa pekee.

Kazi hii huchukua alasiri moja au mbili. Mashine haitatufanyia, kwa sababu haijui kwamba kitendawili na vitendawili ni ndugu.