Uzi wa Chini: Gitaa la Besi na Majina Yasiyoandikwa

Asikilizaye shairi likighaniwa hahesabu mizani. Sikio lake hufuata maana, hungojea kina, hupokea kituo. Lakini mshairi akipunguza silabi moja tu, sikio lilo hilo hushtuka, hata kama mwenye sikio hajui kilichomshtua. Katika muziki, kazi hiyo ya kushikilia pasi na kuonekana imepewa sauti ya chini kabisa, nayo ni besi. Mwimbaji husifiwa kwa koo lake na mpiga fidla kwa mkono wake. Mpiga besi husimama nyuma, karibu na ngoma, na watu huondoka nyumbani kwa wenyewe bila ya kumuuliza jina. Akinyamaza katikati ya wimbo, hapo ndipo kila mtu hugeuza uso kutazama kulikoni.

Historia ya gitaa la besi ni fupi. Haijatimiza hata karne moja. Hata hivyo, sehemu yake kubwa ilikaribia kupotea, kwa sababu walioitengeneza hawakuandikwa. Majalada ya sahani za santuri yalibeba picha ya mwimbaji, jina la mtunzi na alama ya kampuni. Aliyeubeba wimbo kwa uzi wa chini hakuwamo. Yanayojulikana leo juu ya watu hao yametunzwa kwa njia nyingine: na wapenzi wa ala yenyewe, wenye desturi ya kuulizana ni gitaa gani lilipigwa, limefungwa nyuzi za namna gani, nani alilibandua nini, na usiku ule wa onyesho lilisikikaje. Mazungumzo ambayo mpita njia angeyaona ya kipuuzi ndiyo yaliyogeuka kuwa hazina ya kumbukumbu.

Kabla ya gitaa hilo palikuwapo besi kubwa la kusimama, lenye umbo la fidla na urefu unaompita mtu. Lilikuwa zito kusafirisha, na katika ukumbi wenye tarumbeta na ngoma sauti yake ilimezwa. Katika miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa mji wa Seattle, Marekani, alitengeneza besi la umeme la kupakatwa kama gitaa, lakini halikuenea. Mwaka 1951, Leo Fender wa California, fundi wa redio ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alitoa Precision Bass. Jina hilo lilitokana na usahihi. Shingo ya ala iligawanywa kwa vijiti vya chuma, kwa hiyo kidole kilichobonyeza nyuma ya kijiti kilipata noti kamili, ambapo katika besi la kusimama mpigaji hutegemea sikio na mazoea. Nyuzi zilikuwa nne, na ule mzito kabisa ulitetema mara 41 hivi kwa sekunde, oktava moja chini ya uzi mzito wa gitaa la kawaida. Sumaku iliyowekwa chini ya nyuzi ilinasa mtetemo na kuupeleka kwenye amplifaya. Tangu hapo mpiga besi aliweza kusikika bila ya kupasua vidole.

Ala ilikuwapo; lugha yake bado. Aliyeifundisha kusema, kwa maoni ya wapigaji wengi waliofuata, ni James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, pwani ya South Carolina, na husimuliwa kwamba utotoni alifunga mpira kwenye kijiti, akakichomeka katika kichuguu na kuupiga ili siafu wacheze. Mwaka 1954 alimfuata mama yake Detroit, na huko shuleni akajifunza besi la kusimama. Berry Gordy alipoanzisha kampuni ya Motown mwaka 1959, Jamerson akawa miongoni mwa wapigaji wa nyumbani, waliorekodi mchana na usiku katika chumba cha chini cha nyumba moja ya barabara ya West Grand.

Gitaa lake lililokuja kujulikana zaidi lilikuwa Precision la mwaka 1962. Halikuwa na ajabu dukani; ajabu ililetwa na mwenyewe. Nyuzi zake zilikuwa nene, zimezungushiwa utepe bapa wa chuma, na hakuwa akizibadilisha. Wenziwe walizitupa nyuzi zilizochoka, yeye aliamini kwamba uchafu na jasho la vidole ndivyo vitunzavyo utamu. Chini ya kifuniko cha chuma palikuwa na kipande cha sponji kilichogusa nyuzi, kikiuzima mlio mapema, ili kila noti itoke fupi na ya mviringo, mithili ya besi la kusimama. Nyuzi zilikuwa juu sana ya shingo, kiasi cha kumchosha mgeni aliyejaribu kulipiga. Na katika mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada, kwa mazoea aliyotoka nayo kwenye besi la kusimama.

Kwa kidole hicho alibadilisha kazi nzima ya sauti ya chini. Kabla yake, besi katika nyimbo za kupendwa lilitembea hatua zilizotarajiwa: noti ya msingi, noti ya tano, kisha kurudi. Jamerson aliingiza noti za kupita, akachelewa kidogo pale alipongojewa, akawahi pale asipodhaniwa, na bado mwimbaji hakupotea njia. Katika “My Girl” ya mwaka 1964, noti tatu za besi ndizo zinazoufungua mlango kabla ya yeyote kusema neno. Katika “I Was Made to Love Her” na “Bernadette”, zote za mwaka 1967, besi ni shairi ndani ya shairi: lina mizani yake na mapumziko yake, na hujibizana na mwimbaji bila ya kumkatiza.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki hakikuvikwa. Kwa zaidi ya muongo mmoja nyimbo za Motown zilizagaa duniani, na vijana wa miji ya mbali waliketi mbele ya santuri wakirudia sehemu ya besi hadi sindano ikachimba sahani, wasijue wanamwiga nani. Paul McCartney wa Beatles, ambaye amemtaja Jamerson kuwa miongoni mwa waliomwathiri zaidi, amesimulia kwamba kwa muda mrefu alimpenda mpigaji huyo bila ya kulijua jina lake. Ni mwaka 1971, katika albamu ya Marvin Gaye iitwayo “What’s Going On”, ndipo majina ya wapigaji yalipoandikwa kwenye jalada, na la Jamerson likiwemo. Kutoandikwa huko kulizaa hasara nyingine: ziko nyimbo ambazo mpaka leo watu hubishana nani hasa aliyezipiga besi.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao palihamishwa. Mwaka 1972 Motown iligura kwenda Los Angeles, na Jamerson akafuata. Huko mtindo ulikuwa umebadilika. Waandaaji walitaka nyuzi mpya zenye mlio mkali, na yeye hakukubali kuacha zake. Ulevi, uliokuwa ukimnyemelea tangu zamani, ukamzidi. Mwaka 1983, Motown ilipoadhimisha miaka 25 kwa tamasha lililotazamwa na mamilioni kwenye televisheni, husimuliwa kwamba Jamerson aliingia kwa tiketi ya kujinunulia na kuketi miongoni mwa watazamaji. Mwezi Agosti mwaka huo huo alifariki, akiwa na umri wa miaka 47. Muda mfupi kabla ya hapo gitaa lake la mwaka 1962 lilikuwa limeibwa, na halijaonekana tena.

Ule mlio mkali aliokataa Jamerson ulikuwa na baba yake Uingereza. John Entwistle wa kikundi cha The Who alitaka besi lisikike kama kinanda cha nyuzi, kila noti na ukali wake. Mwaka 1966 alishirikiana na kampuni ya Rotosound kupata nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo badala ya utepe bapa. Nyuzi hizo zilitoa kishindo chenye kung’aa, na zilipochakaa mng’ao ukaondoka. Kwa hiyo aliyezitaka alipaswa kuzibadilisha mara kwa mara. Hapo wapenzi wa besi wakagawika mapote mawili, na mjadala wao haujafungwa: wanaosema uzi hukomaa, na wanaosema uzi hufa. Entwistle mwenyewe hakuogopa bisibisi. Gitaa lake moja mashuhuri aliliunganisha mwaka 1967 kutoka vipande vya magitaa matano ya Precision. Alifariki mwaka 2002, na mwaka uliofuata hazina yake ya ala ilinadiwa jijini London, ikatawanyika mikononi mwa wanunuzi.

Nyuzi hizo za waya ndizo zilizomlazimisha kijana wa Florida kuazima elimu ya mabaharia. Jaco Pastorius, aliyezaliwa mwaka 1951 na kulelewa Fort Lauderdale, alikuwa na Jazz Bass la mwaka 1962. Alitaka gitaa liimbe kama koo la mtu, noti ikitelezea kwenye noti, na vijiti vya chuma shingoni vilimzuia. Gitaa lake likaondolewa vijiti, na mifereji iliyobaki ikajazwa kama fundi akalafativyo jahazi. Lakini waya wa nyuzi ungeitafuna mbao kwa siku chache. Dawa ilikuwa gundi ngumu ya kupakia mashua, iliyopakwa tabaka juu ya tabaka hadi shingo ikawa ngumu kama kioo. Sauti iliyotoka humo, katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1976 na katika kikundi cha Weather Report, ilikuwa na kilio ambacho wapigaji walioisikia mara ya kwanza hawakuamini kuwa ni cha gitaa.

Naye aliandamwa na msiba wa namna ile ile. Maradhi ya akili na ulevi vilimwangusha, na mwaka 1986 gitaa lake liliibwa mjini New York. Mwaka uliofuata alipigwa vibaya nje ya klabu moja ya Florida, akafariki akiwa na miaka 35. Gitaa lilikuja kuonekana miaka ishirini baadaye, limevunjwavunjwa na kuunganishwa tena. Umiliki wake ukazusha ubishi, hadi mwaka 2010 Robert Trujillo, mpiga besi wa kikundi cha Metallica, alipotoa fedha zake ili kuumaliza.

Kisa cha tatu kina mwisho mwema zaidi. Mwaka 1961, mjini Hamburg, McCartney alinunua gitaa la besi la Höfner, lenye umbo la fidla, kwa paundi 30 hivi. Alilipendea bei, na pia ulinganifu wa pande zake, kwani yeye hupiga kwa mkono wa kushoto na gitaa hilo halikuonekana limegeuzwa. Ndilo lililosikika katika rekodi za mwanzo za Beatles. Mwaka 1972 liliibwa kutoka ndani ya gari huko Notting Hill, London. Hawakuwa askari walioligundua. Ni wapenzi wachache wa ala hiyo walioanza kuulizia mwaka 2018, na walipoongeza juhudi mwaka 2023, habari zikaanza kumiminika. Gitaa lilikutwa darini katika nyumba moja ya mji wa Hastings, na mwezi Februari 2024 ikatangazwa kwamba limerudi kwa mwenyewe.

Mkono huo huo wa wapenzi ndio uliomrudishia Jamerson jina lake. Mwaka 1989 Allan Slutsky, mpiga gitaa aliyekuwa na hamu ya kuyajua mapigo yale, alitoa kitabu “Standing in the Shadows of Motown”, chenye maisha ya Jamerson na noti za nyimbo zake, kikiambatana na kanda ambamo wapiga besi mashuhuri walizipiga kwa heshima yake. Mwaka 2000 akaingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, Marekani, mwaka ambao jumba hilo lilianza kuwakumbuka wapigaji wa nyuma. Mwaka 2002 kitabu kikazaa filamu iliyowakusanya wenziwe waliobakia. Pete ilifika, ila kidole kilikuwa kimekwisha zikwa.

Msikilizaji wa taarabu hana haja ya kwenda Detroit ili aelewe hasara hiyo. Katika vikundi vya Unguja vilivyofuata mfano wa Misri, besi la kusimama lilichukua nafasi yake nyuma ya udi, ganuni, nai na fidla. Na kuanzia miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ikaliweka gitaa la besi kando ya kinanda cha umeme. Mwimbaji hutuzwa mbele ya macho ya watu, na mtunzi hubishaniwa barazani. Lakini mtribu aliyesimama na nyuzi nne nyuma ya safu za fidla, jina lake mara nyingi limebaki vinywani mwa wenziwe tu, nao hupungua mwaka baada ya mwaka. Wapo bado wakumbukao nani alipiga nini, katika ukumbi gani, na kwa nyuzi zilizopatikana kwa taabu gani. Kumbukumbu hizo hazihitaji zaidi ya kalamu na mtu wa kuuliza.

Gitaa la Jamerson halijapatikana. Huenda lilikwisha chomwa kuni, huenda limetundikwa ukutani kwa mtu asiyejua alilonalo. Kama lipo, na kama hakuna aliyeligusa, basi nyuzi zake ni zile zile, na jasho lililomo ni la kidole kile kimoja.