Rangoli: Ua la Unga Mlangoni

Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora kufuata pembe za ndovu ilitegemea sana mikopo ya wafanyabiashara Wahindi wa Zanzibar. Reli ya Kati ilipofika hapa mwaka 1912, mwenye duka kutoka Gujarat hakulazimika tena kutembea miezi kadhaa.

Baadhi ya wenye maduka hao walikuwa Wahindu, na katika nyumba za Kihindu rangoli huchorwa sakafuni mbele ya mlango, hasa siku za Divali, kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Mchoraji, kwa kawaida mwanamke, hupanga nukta kwanza, kisha hudondosha unga wa mchele au wa rangi kati ya kidole gumba na cha shahada. Rula ya nini? Nukta ndizo kipimo.

Chukua ua la rangoli lenye petali nane zinazofanana. Mistari minane hulikata katika nusu mbili, kila moja taswira ya mwenzake kiooni. Na ukilizungusha nyuzi 45, halibadiliki. Sasa paka petali rangi nyekundu na njano kwa kupokezana. Mistari inabaki minne tu, na sharti ulizungushe nyuzi 90. Rangi peke yake imepunguza ulinganifu kwa nusu!

Swastika, inayochorwa pia mlangoni, ni ya ajabu zaidi: huzunguka nyuzi 90 bila kubadilika, lakini kwenye kioo hugeuka upande wa pili. Kwa Wahindu ni alama ya heri, tangu karne nyingi kabla Wanazi hawajaichukua.