Kisukuma na Kimaasai: zinafanana wapi, zinatofautiana wapi?

Msikilizaji wetu mmoja wa Lipangalala alituuliza swali: "Wafugaji wanaokuja mashineni na gulioni, Wasukuma na Wamaasai, wakizungumza kwao wanaelewana?"

Jibu fupi ni hapana. Wote wanafuga na wote wamehamia bonde hili la Kilombero, ndiyo maana wengi wetu tunawaweka kundi moja. Lakini kwa lugha, Msukuma ni ndugu wa Mpogoro na Mndamba, si wa Mmaasai. Tuangalie kwa nini.

Koo mbili za lugha

Kisukuma ni lugha ya Kibantu, kama Kipogoro, Kindamba na Kiswahili. Asili yake ni upande wa Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita, na ndiyo lugha ya kabila kubwa kuliko yote nchini.

Kimaasai ni lugha ya Kiniloti. Ndugu zake ni kama Kisamburu cha Kenya na, kwa mbali zaidi, Kijaluo. Kidatoga cha Wabarabaig, tunaowaita Wamang'ati, nacho ni Kiniloti, ila cha tawi jingine. Kwa hiyo hata Mmang'ati na Mmaasai hawaelewani mpaka watumie Kiswahili.

Hesabu inaonyesha undugu

Hesabu moja hadi tano kwa Kisukuma: imo, ibili, idatu, inne, itano. Hata kama hujawahi kufika Mwanza, utaitambua mbili, tatu, nne na tano.

Sasa Kimaasai: nabo, are, uni, ong'uan, imiet. Hapo huna pa kushika. Maji kwa Kisukuma ni *minzi*, kwa Kimaasai ni *enkare*. Jina la Nairobi limetokana na Kimaasai *Enkare Nairobi*, maji ya baridi.

Mwanzo wa neno

Kisukuma kinabadilisha mwanzo wa neno kama sisi: *munhu* ni mtu, *banhu* ni watu. Kuna sauti moja ya kuzoea: penye "mw" ya Kiswahili mara nyingi wao wana "ng'w". Mwana ni *ng'wana*, na Mwanza wenyewe huiita *Ng'wanza*.

Kimaasai nacho kinatazama mwanzo wa neno, lakini kwa njia nyingine. Kinagawa majina kuwa ya kiume na ya kike. *Ol-* ni kiume, *en-* ni kike. *Olkiteng* ni ng'ombe dume, *enkiteng* ni ng'ombe jike.

Mgawanyo huo unaonyesha pia ukubwa. *Olalem* ni sime, *enkalem* ni kisu kidogo. Ni kama sisi tunavyosema "jitoto" na "kitoto".

Nani amefanya nini?

Hapa ndipo pa kuwa makini zaidi. Kiswahili na Kisukuma vinaanza na mtendaji: mtoto anaona ng'ombe. Kimaasai kinaanza na kitendo: *edol enkerai enkiteng*, yaani "anaona mtoto ng'ombe".

Atajulikanaje aliyeona na aliyeonwa? Kwa sauti kupanda au kushuka. Maneno *edol embarta* yanaweza kuwa "anamwona farasi" au "farasi anamwona". Herufi ni zilezile, sauti ndiyo inayotofautisha.

Kisukuma nacho kina kupanda na kushuka kwa sauti, na maana inaweza kubadilika. Ila mpangilio wake wa maneno hautamsumbua Mpogoro wala Mndamba.

Kwa nini tujali?

Bonde letu linajua ugomvi wa shamba na malisho. Mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na wapo ambao machungu yake hayajawatoka.

Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga, watu hukaa barazani kusikilizana. Mwenye maneno mawili matatu ya Kimaasai akijifanya mkalimani, anaweza kumgeuza aliyesukuma kuwa aliyesukumwa. Pia shahidi anayesema "walikuwa wafugaji" bila kujua walizungumza lugha gani anaweza kuwatwisha watu kosa lisilo lao. Penye shauri, atafutwe mtu anayeijua lugha vizuri, na pande zote mbili zimkubali.

Anza na salamu

Kisukuma: asubuhi sema *mwangaluka*, mchana na jioni *mwadila*. Asante ni *wabeja*.

Kimaasai: sema *supa*, utajibiwa *ipa*. Mwanamke husalimiwa *takwenya*, naye hujibu *iko*. Asante sana ni *ashe oleng*. Mtoto wa Kimaasai akikuinamishia kichwa, usishangae. Anakuamkia, mguse kichwani kwa kiganja.

Ukikosea sauti, wenyewe watacheka kidogo kisha watakurekebisha. Salamu haimalizi mgogoro wa ardhi. Lakini mtu uliyemwamkia jana kwa lugha yake, leo ng'ombe wakiingia shambani utajua pa kuanzia kuzungumza naye.