Kurasa Mbili za Birmingham na Amana ya Vitabu Vyetu

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Mwezi huu ndio ulioteremshiwa Qur'ani, na aya zake za mwanzo zilitaja kusoma na kalamu. Basi inafaa tuzungumzie hazina iliyomo humu mjini mwetu.

Katika maktaba ya Cadbury ya Chuo Kikuu cha Birmingham mna mkusanyiko wa Mingana, wenye nyaraka zaidi ya elfu tatu. Alphonse Mingana, kasisi aliyezaliwa karibu na Mosul, alizikusanya katika miaka ya 1920 kwa gharama za Edward Cadbury, wa ukoo wa watengeneza chokoleti. Miongoni mwake zimo kurasa mbili za ngozi, zenye sehemu za Suratul Kahf, Maryam na Taha, kwa hati ya Hijazi.

Kwa miaka mingi kurasa hizo hazikutambuliwa, kwa kuwa zilijalidiwa pamoja na kurasa za msahafu mwingine wenye hati inayofanana nazo. Mtafiti Alba Fedeli ndiye aliyezichunguza na kuzipambanua. Ngozi ikapimwa Oxford, na mwaka 2015 ikatangazwa kuwa ni ya kati ya mwaka 568 na 645 Miladia, kwa uwezekano wa asilimia 95.4. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alifariki mwaka 632. Hata hivyo tuwe waadilifu: kilichopimwa ni umri wa ngozi, wala si wa wino.

Mazingatio ni haya: kitabu chaweza kuhifadhiwa kisiharibike, na bado kikapotea kwa kukosa maelezo sahihi. Kwa hiyo wajuzi huandika idadi ya kurasa, vipimo, mistari, rangi za wino, jina la mnakili, tamko la wakfu, na hata jalada lenyewe: ngozi yake, nakshi zake, na ule ulimi unaokunjwa kufunika ukingo wa kurasa.

Pwani yetu nayo ina hazina zake. Misahafu ya Siyu yajulikana kwa nakshi zake, na vitabu vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza. Lakini vingapi vimo masandukuni mwetu, tulivyorithi kwa mababu, vikiliwa na mchwa na unyevu?

Mwenye nacho asikibandike utepe wa gundi, asikate kingo, wala asitupe jalada bovu, kwani nalo ni ushahidi. Akiweke pakavu, mbali na jua. Aandike kilitoka kwa nani na wapi, maadamu wazee wanaojua wangali hai. Kisha awaulize wajuzi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuchunga amana, na atutakabalie funga zetu. Amin.