Mahadhi ya Gitaa katika Miji ya Mlima Kenya

Barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru hupanda ubavu wa kaskazini wa Mlima Kenya kwa taratibu, na kabla ya kuteremkia mji wa Meru hupita Timau, mji mdogo wenye baridi kali, uliozungukwa na mashamba ya ngano, viazi na maua, ambao waandishi wa tarehe ya muziki wa nchi hii hawajapata kuutaja. Tarehe hiyo, kwa desturi, huanzia pwani, ikapumzika Nairobi, kisha ikaelekea Kisumu na Kongo, na milima ikaachiwa wapandaji na watalii. Walakini mtu atakayekaa Timau, au Nanyuki, au Karatina, katika wiki ya mwisho ya Disemba, atasikia baina ya alfajiri na usiku wa manane tenzi za rohoni walizozileta wamisionari. Sauti nzito ya Jim Reeves wa Texas, marehemu tangu mwaka 1964, akiimba habari za Noeli. Kundi la Boney M na santuri yao ya Krismasi ya 1981, ambayo Wakenya wameifanya kuwa mali yao. Na mwisho wa yote, katika baa, mtu mmoja mwenye gitaa moja, ayachukuaye mahadhi yale yale yaliyoimbwa kanisani asubuhi na kuyavika maneno ambayo mzee wa kanisa, lau angeyasikia, angelazimika kuondoka. Jinsi vitu hivi vilivyopata kukaa chini ya paa moja ni hadithi ya karne nzima.

Ardhi yenyewe ilibadilika mikono kwanza. Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe katika nyanda za Laikipia walihamishwa kuanzia mwaka 1911 kupelekwa kusini, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kiingereza waliostaafu mashamba makubwa katika nyanda hizo na kandokando ya mlima. Mmoja wa walowezi waliojulikana katika upande wa Timau alikuwa Will Powys, mfuga kondoo wa shamba la Kisima, ambaye ndugu zake waliobaki Uingereza walikuwa watunzi mashuhuri wa vitabu. Yeye alikhitari kondoo, na sijui nani katika ukoo ule alifaidi zaidi. Mwaka 1930 reli iliyotoka Thika ikapita Sagana na Karatina ikafika Nanyuki, nayo ikakoma hapo, wala haikupata kuendelea hadi leo. Kwa reli hiyo yalikuja majembe, mbegu na barua, na kadhalika yalikuja magramafoni na sahani zake, ambayo vijana wa Kikuyu na wa Kimeru waliokuwa wakipika, wakifua na kulisha farasi katika nyumba za walowezi waliyasikia kwa njia ya madirisha kabla ya kuyamiliki.

Katika sahani hizo za miaka ya 1930 zilikuwamo za Mmarekani mmoja jina lake Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kuwa mwimbaji, na ambaye nyimbo zake zilizopata sifa kuliko zote zilikuwa bluzi: mashairi ya huzuni ya watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambayo yeye, mtu mweupe, aliyachanganya na mlio wa koo unaopanda na kushuka kama wa wachunga mbuzi wa milimani. Rodgers alifariki mwaka 1933, lakini sauti yake ilikuwa ingali safarini. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis, ng'ambo ya pili ya Bonde la Ufa, wimbo ambamo wasichana walimsifu kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu na nusu paa, na huyo hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba bluzi ilifika katika nyanda za juu za Kenya kwa mkono wa vijana wa mjini waliovaa suruali pana katika miaka ya sabini hawana budi kurudisha tarehe yao nyuma kwa miongo minne, na kukiri kwamba ilikuja kwa tarishi asiyetarajiwa.

Lakini chombo cha kwanza cha kigeni kilichoshika mioyo ya watu wa mlimani kilikuwa kodiani, gitaa likafuata baadaye. Ili kulifahamu jambo hili yafaa tukumbuke mgogoro wa mwaka 1929, wakati misheni zilipowataka waumini wao waikatae tohara ya wasichana, na vijana wakajibu kwa ngoma iitwayo Muthirigu, iliyowakejeli wamisionari na machifu kwa majina yao, hata serikali ikaipiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Ngoma za kale zikizuiwa na za kanisani zikichukiwa, vijana walitafuta mlango wa tatu, wakaupata katika mwomboko: dansi ya wawili wawili, mwanamume kavaa koti na kofia, mwanamke kashikwa kwa adabu, hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kuinama, kwa sauti ya kodiani na ya karing'aring'a, ile pete ya chuma igongwayo kwa kijiti cha chuma. Macho yaliyopata kuona dansi za walowezi na za askari wa Kiskoti huitambua mara moja asili yake. Masikio, kinyume chake, husikia Kikuyu kitupu, kwa maana mpigaji kodiani hakufuata mahadhi ya Kizungu bali aliilazimisha kodiani ifuate mwinuko na mteremko wa maneno ya lugha yake. Hiyo ndiyo kanuni iliyokuja kutawala gitaa baadaye, na ni heri msomaji aishike: huku mlimani, chombo humtumikia mwimbaji, na nota humfuata neno.

Tohara na dini zilikuwa zimeacha jeraha, na jeraha likawa vita. Kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, nyimbo za kudai ardhi na uhuru zilikwisha kupigwa chapa katika vitabu vidogo na kuimbwa hadharani katika Nyeri, Murang'a na miji ya walowezi, na aghalabu mahadhi yake yalikuwa ya tenzi za Kikristo ambazo kila mtoto wa shule ya misheni alizijua kwa moyo. Mzungu aliyepita karibu aliweza kudhani kwamba watu wanamsifu Masihi, ilhali waliokuwa wakisifiwa walikuwa viongozi wa mapambano. Serikali ilipofahamu, ilivipiga vitabu marufuku. Mahadhi yenyewe haikuweza kuyakamata, maana ingelazimika kuyafunga makanisa pia. Mwomboko nao ulififia katika miaka hiyo ya vijiji vya kulazimishwa na kafiu.

Gitaa lilipenya kwa njia nyingine. Askari waliorudi kutoka Vita vya Pili walikuwa wamewaona wenzao wakilipiga kambini, na Fundi Konde, mwana wa pwani aliyetumika katika kikosi cha burudani cha jeshi, akawa miongoni mwa wa kwanza kulipiga gitaa la umeme nchini. Kutoka Katanga alikuja Jean-Bosco Mwenda, ambaye kidole gumba chake na cha shahada vilifanya kazi ya watu wawili, na pia Edouard Masengo. Sauti zao zikaenea kwa redio na kwa matangazo ya biashara hata katika vijiji ambavyo havikuwahi kuwaona. Habari hizi zimeandikwa na wengi, nami sitazirefusha.

Yule aliyelifanya gitaa liseme lugha ya mlimani kwa ukamilifu ni Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939, akaenda Nairobi akiwa kijana kutafuta kazi, akajifunza gitaa na kodiani pamoja, na mwaka 1967 akapata jina kwa wimbo wa Celina alioutoa na dada yake, Catherine Muthoni. Katika Kamaru ilirudi ile kanuni ya mwomboko: gitaa la kwanza hurudia karibu neno kwa neno alichokisema mwimbaji, kana kwamba ni shahidi anayethibitisha kauli yake. Maneno yenyewe yalikuwa ya mtu mzima anayewakemea wakubwa na wadogo. Mwaka 1969 wimbo wake kuhusu mwalimu anayemfanya mwanafunzi wake mpenzi uliwaghadhibisha walimu hata chama chao kikatishia mgomo, na mwanasiasa J. M. Kariuki alipouawa mwezi Machi 1975, Kamaru, ambaye hapo awali alikuwa na nafasi nzuri mbele ya Rais Kenyatta, alitoa wimbo wa maombolezo uliokata uhusiano huo. Pamoja naye alisimama Daniel Kamau wa Gatanga, maarufu kwa herufi mbili tu, D. K., ambaye gitaa lake lilikuwa jepesi zaidi na karibu zaidi na muziki wa benga wa Waluo.

Lazima hapa nieleze jinsi kazi hizi zilivyouzwa, maana wasomaji waliozoea kuzungumza juu ya albamu za mpiga gitaa huyu au yule huenda wakawadhulumu watu hawa kwa kuwapima kwa kipimo kisicho chao. Uhai wa muziki huu ulikuwa katika santuri ndogo ya mizunguko 45, na wimbo ulikatwa katikati: upande wa kwanza ulibeba hadithi, na upande wa pili, baada ya msikilizaji kuinuka na kuigeuza sahani, uliyaachia magitaa uwanja yakakimbizana. Santuri kubwa zilipotolewa aghalabu zilikuwa mkusanyo wa hizo ndogo. Kwa hiyo mtu akiniuliza albamu bora ya Kamaru ni ipi, nitamjibu kwamba swali lake ni la nchi nyingine. Hapa aliyetaka kumjua Kamaru alinunua sahani moja moja katika maduka ya Nairobi na ya miji ya mlimani, akazikusanya mwenyewe, na huo mkusanyo wake ndio uliokuwa albamu.

Roki ya Kizungu, kwa upande wake, ilipita mbali kidogo. Katika miaka ya 1960 na 1970 yalikuwapo makundi hodari ya mahoteli, kama Hodi Boys wa Mombasa wakiongozwa na Slim Ali, yaliyopiga roki na soli kwa ustadi usio na aibu mbele ya mgeni yeyote. Lakini muziki wao ulikuwa wa wenye viatu vya kucheza juu ya sakafu ya mbao, na mlimani haukuota mizizi. Kilichoota ni kantri. Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na wenzao walipigwa redioni mwaka baada ya mwaka, na watu wa mashamba ya ngano na ya ng'ombe walisikia ndani yake habari za udongo, mvua, mama aliyeachwa nyumbani na Mungu, mambo ambayo hayakuhitaji mkalimani.

Kanda za kaseti, na wezi waliozinakili, zilizidhoofisha kampuni za santuri mwishoni mwa miaka ya 1980, na bendi kubwa zikashindwa kulipana. Ndipo katika miaka ya 1990 alipotokea mpiga gitaa wa pekee, wa muziki wa baa uitwao mugithi, asiye na bendi: gitaa lake, kipaza sauti, pengine kinanda cha ngoma za kielektroniki, na usiku mzima mbele yake. Mike Rua na Salim Junior ni majina ambayo kila dereva wa matatu baina ya Nyeri na Meru huyajua. Mtu wa namna hii huanza na Kamaru, akaingia D. K., akageukia Kenny Rogers, na watu wanapokwisha kushikana mabega katika mstari mrefu kama mabehewa ya gari moshi, huleta tenzi za kanisani kwa maneno ya kilevi. Wengi wamelaumu jambo hili kuwa ni kufuru. Mimi nalitazama kwa namna nyingine: waliofanya hivyo kwanza walikuwa watu wa 1952, nao hatuwaiti makafiri.

Na Disemba ndio mwezi unaoyadhihirisha haya. Jamhuri husherehekewa tarehe 12, vijana wa kiume hutahiriwa shule zikifungwa, waliohamia mijini hurudi makwao, na Krismasi hulifunga jamvi. Mpiga gitaa atakayekuwa na nyimbo za baa tu atakula nusu ya mwezi, na mwenye nyimbo za kanisa tu kadhalika. Kwa hiyo kila hodari hujizoeza zote mbili. Wakosoaji huwacheka wanamuziki wa Ulaya na Marekani watoapo albamu ya Krismasi, wakisema ni hila ya kuuza, na huenda ni kweli huko kwao. Hapa nyimbo za sikukuu zilitangulia, gitaa lilizikuta. Kamaru mwenyewe, alipotangaza mwaka 1993 kwamba ameokoka na kuziacha nyimbo za dunia, aliwashangaza mashabiki wake na kuwaudhi baadhi yao, lakini mkono wake haukulazimika kujifunza upya. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018.

Mjukuu wake, aitwaye Joseph Kamaru kama yeye na ajulikanaye kwa jina la kisanii KMRU, ambaye muziki wake ni wa sauti tulivu za mitambo, ameshughulika kuzisafisha na kuzitoa tena kazi za babu yake kwa njia ya intaneti. Ni kazi adhimu, lakini ni ya mtu mmoja juu ya mtu mmoja. Mamia ya santuri za wapigaji wasio na wajukuu wa namna hiyo zimo makabatini na darini katika Timau, Nanyuki, Karatina na Nyeri, na nyingine zimo chini ya sufuria, zikisubiri kutupwa siku nyumba itakapopakwa rangi. Wewe usomaye, ukiwa unayo moja, usiitupe; iandike jina la mpigaji na mwaka ukiujua, uifute vumbi kwa kitambaa kikavu, na uipeleke kwa mtu mwenye mashine ya kuinakili, au kwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Nairobi, kabla mwaka huu haujaisha.