Kihamisha mnyororo

Mjini Bunia, kinga si ulinzi tu. Ni baiskeli pia, neno lililo jirani na nkinga ya Kilingala. Lakini kinga yenye gia kadhaa ikianza kukwaruza mbele, jina la kifaa chenye kasoro hutoka kwenye Kifaransa: dérailleur.

Asili yake ni reli. Dérailler ni kuacha reli, kama treni. Dérailleur ni kinachoachisha. Mashindano ya Tour de France yaliviruhusu vifaa hivi mwaka 1937. Kwenye kile cha mbele, vibati viwili huusukuma mnyororo uache gurudumu moja la meno na kupanda jingine.

Mkwaruzo huanzia hapo. Kibati cha nje kiwe sambamba na gurudumu kubwa la meno, juu yake kwa milimita 1 hadi 3. Skrubu yenye alama ya L huzuia mnyororo usianguke ndani. Ya H, usiruke nje. Waya wa gia ukilegea, mnyororo utasugua hata skrubu zikiwa sawa.

Kwa Kiswahili, kihamisha mnyororo kinatosha: anayejifunza ufundi hulielewa jina na kazi kwa pamoja. Mafundi na walimu walitumie.